Mafuta ya Nyota Moja Tu

Harufu ya enkonyagi ikichemka haifichiki. Moshi unaweza kuusingizia maharage, na mvuke ukausingizia maji ya kumwogesha mgonjwa, lakini ile harufu ya pombe ya ndizi inayogeuka kuwa moto, pua ya Mhaya huitambua hata ikiwa na mafua. Kokugonza alilijua hilo kuliko mtu yeyote kijijini kwao, nyuma ya Kamachumu, wilayani Muleba, kwa sababu ndiyo kazi iliyomlisha tangu vita viishe. Na bado asubuhi ile, kijiji kizima kikiwa matangani kwa jirani yake, aliwasha moto chini ya pipa. Tusimwite mpumbavu kabla ya kumsikiliza.

Alikuwa mwanamke mrefu wa miaka arobaini na kitu, mwenye viganja vipana na ulimi usiojua kupaka mafuta. Aliolewa Missenyi, ng'ambo ya mto Kagera, na huko ndiko vita vilikomkuta. Wanajeshi wa Uganda walipoingia, alikimbia kusini na mkeka na sufuria, mumewe akaingia mgambo. Mgambo wengine walirudi, wengine wakaletwa. Wake hakurudi wala hakuletwa. Hakuna aliyemwona akifa, na hakuna aliyesema amemzika. Kwa miaka mingi jambo hilo lilimkera zaidi ya ujane wenyewe: kwamba mtu aliyekuwa mume wake amelala mahali fulani bila watu kusimama kumzunguka, na siku ile huko, popote palipokuwa, kila mtu aliendelea na shughuli zake.

Akarudi kwenye kibanja cha baba yake. Wazazi nao hawakukawia kuondoka, akabaki na migomba, mibuni michache, pipa la kuchemshia, na mdogo wake, kitinda mimba, Protase.

Protase huyu alimlea mgongoni. Alikuwa kijana wa kucheka, mwepesi wa mikono, asiyeweza kuona redio imelala kimya bila kuifungua tumbo. Baada ya vita alikwenda Bukoba, akapitia magendo kama vijana wote wa wakati ule, akapanga chumba mtaa wa Bilele, kisha akapata kazi ya heshima katika duka la redio la Bwana Mahendra. Alipokuja likizo alivaa lile shati la kung'aa lililoitwa Juliana, na wasichana wa Kamachumu wakawa na sababu nyingi za kupita njia ya kwao. Wakati huo Juliana lilikuwa jina la kitambaa. Ugonjwa ulikuja baadaye kulichukua jina hilo, ukawachukua na waliokivaa.

Ulipompata Protase, hakuna aliyeuita kwa jina mbele yake. Alikohoa, akakonda, akatoka vipele, akaacha kazi. Hospitali ya misheni walimpa vidonge vya homa na wakamwambia dada yake, kwa upole wote, amtunze nyumbani. Kokugonza aliwauliza amtunze kwa kitu gani. Sista akashika msalaba wake na kutazama dirishani.

Gari lililomleta Protase kutoka Bukoba lilikuwa la Bwana Mahendra mwenyewe. Familia ile ilikuwa ikifunga duka ili kuhamia Leicester, kwa ndugu zao waliokwisha kuondoka. Bwana Mahendra hakushuka. Alikaa nyuma ya usukani, kioo amekipandisha, jasho likimtoka, na kila Kokugonza alipomtazama alijifanya anatafuta kitu chini ya kiti. Aliyeshuka ni mkewe, Mama Anasuya. Alimshika Protase mkono hadi kitandani bila kuogopa jasho lake, kisha akamwambia utingo waliyekuja naye apakue vitu vitatu: televisheni ndogo isiyo na rangi, jenereta, na kitu kama mashine ya kuandikia kilichofungwa kwenye sari kuukuu. Jenereta lilinunuliwa kwa askari aliyerudi kutoka Masaka, na kila mtu alijua askari hakulinunua. Hicho kilichofungwa kwenye sari kilikuwa kompyuta. Mpwa wao Jayantilal aliituma kutoka Ulaya, na pale dukani Protase peke yake ndiye aliyekaa nayo hadi ikamzoea.

Mama Anasuya alisema, "Huyu ni mtoto wetu pia." Machozi yalikuwa yanamtoka. Kokugonza alimshukuru, lakini moyoni aliuma meno. Mtoto wenu, na mwenye gari hashuki hata kumpa maji ya kunywa. Ila alipokuja kufikiri baadaye, alikubali kwamba woga ni woga, na hata kijijini pake walikuwapo waliompelekea Protase chakula na kukiacha kwenye uzio.

Siku ya kwanza kuwashwa kwa mashine ile, nusura kijiji kihame. Mchezo wenyewe ulikuwa umefungwa ndani ya kaseti, kaseti hiyo ya kawaida ya nyimbo, na ili kompyuta iupokee ilibidi redio kaseti ipige zile sauti zake: mikwaruzo, miluzi, kelele za nguruwe anayechinjwa. Ma Felicitas, jirani wa uzio mmoja, mke wa Ta Kagaruki, alikuja mbio na chupa ya maji ya baraka akaimwagia nyumba, jenereta na Kokugonza. Protase alicheka hadi akakohoa damu kidogo. Alimwambia, "Ma Felicitas, hao si mashetani. Ni nyota zinaingia." Bibi yule akajibu kwamba nyota za Mungu haziingii kwa kelele namna hiyo, akajimwagia maji yaliyobaki, akaenda zake.

Mchezo ulikuwa wa chombo kisafiricho angani. Kwenye kioo cha televisheni palikuwa na weusi, vidoti vyeupe, na mistari iliyochora pua ya chombo. Kwenda karibu, kutoka dunia hadi mwezini tuseme, chombo kilitumia mafuta ya kawaida ambayo ulianza nayo. Lakini kutoka nyota moja hadi nyota nyingine yalihitajika mafuta ya pekee, na hayo hayakuuzwa popote. Ilikubidi uyatengeneze. Unasogea taratibu kwenye mawe yaeleayo, unayagonga, unakusanya majivu meusi. Unatafuta mwamba wenye barafu, unachukua barafu. Kisha unaviweka pamoja ndani ya chungu kilichochorwa chini ya kioo, na unangoja. Pembeni ya chungu kulikuwa na mstari uliopanda polepole. Ukiepua mapema, mafuta yanakuwa mepesi na chombo kinakwama gizani katikati ya safari. Ukichelewa, chungu kinapasuka na majivu yote yamepotea.

Maneno yalikuwa ya Kiingereza, Protase akamfasiria. Kokugonza alisikiliza, akiwa ameshika ndizi na kisu, halafu akacheka kwa mara ya kwanza tangu gari lile lije. "Kumbe Wazungu nao wanachemsha," alisema. Tangu hapo Protase hakukiita chungu kwa jina la kwenye kioo. Alikiita pipa la dada.

Sasa lililomfanya Kokugonza aupende mchezo ule, yeye asiyependa mashine yoyote, ni hili: Protase alikuwa amekataa kula. Uji aliugeuzia uso, supu ya kuku aliinusa akatapika. Lakini akiwa na ile kompyuta mapajani, akili yake ikiwa huko angani, alisahau kwamba hataki. Kokugonza alimpa kijiko, naye akafungua kinywa bila kutazama. Wakapeana masharti kama wachuuzi: nyota moja, bakuli moja. Na Protase alipokuwa anameza, vidole vikitetemeka, dada ndiye aliyelinda chungu. Alikodolea macho ule mstari, na ulipofika mahali pake alibonyeza kitufe kikubwa kwa kidole chake chenye sugu. Hakuwahi kukipasua. Uzito wa mdogo wake bado ulipungua, hilo halikudanganyika, lakini ulipungua polepole, na alikuwa na siku ambazo macho yake yalirudi kuwa ya yule kijana wa shati la kung'aa.

Kila jioni kabla ya kuzima, Kokugonza aliuliza kama amefika. Na kila jioni Protase alijibu, "Bado nyota moja tu."

Hapo ndipo dada wa watu alipoingiza yake. Hakumwambia padri wala jirani, lakini moyoni aliwekeana sharti na Mungu: Protase akifika kwenye ile nyota ya mwisho, atapona. Usimcheke. Watu waliokuwa na shule kumzidi walikuwa wanakunywa maji ya chemchemi fulani, wanapanda milima kwa magoti, wanakwenda kwa waganga mpaka Buganda na kurudi na mizizi. Mfa maji haachi kutapatapa, na kila mmoja alitapatapa na kilichokuwa karibu na mkono wake. Karibu na mkono wa Kokugonza kulikuwa na jenereta.

Jenereta likaisha petroli. Madumu aliyoacha Mama Anasuya yalikauka, na petroli ya Muleba miaka ile ilisikika kwa jina tu. Hata gari la hospitali lililala. Injini iliponyamaza, kioo kikawa cheusi kabisa bila hata kidoti, na Protase akaligeuza bakuli likamwagika. Hakufanya kwa hasira. Mkono ulikataa tu.

Kokugonza alikwenda kwa Ildefons, fundi wa mashine ya kusaga pale senta, akamwomba hata kichupa. Ildefons hakuwa nacho zaidi ya kichupa kweli. Alikikuna kidevu chake, akamtazama mpishi yule wa enkonyagi aliyesimama mbele yake analilia mafuta, akaanza kutabasamu. Akampa kichupa hicho, akamweleza kwamba injini haiulizi kabila la kinachowaka. Aiamshe kwa vifuniko viwili vya petroli, na ikishaamka aipe enkonyagi, lakini ile iliyochemshwa mara mbili, inayowaka kwenye sahani mpaka sahani inabaki kavu. Asichanganye na petroli, maana vitagombana tankini. Na choki, ile ya kupimia hewa, aishike nusu, wazi nusu na fumba nusu, la sivyo itapaliwa. Kisha akasema, "Jenereta lilitoka Masaka, lakini hapa litakuwa Mhaya kama sisi."

Na likawa. Lilikohoa, likatoa moshi mweupe wenye harufu ya harusi, likatulia katika mlio wa kukwaruza uliosikika hadi barabarani. Walevi waliokuwa wakipita walisimama kwa huzuni kuona kitu kizuri namna ile kinanyweshwa chuma.

Kuanzia hapo Kokugonza alikuwa na kazi moja duniani. Ta Kagaruki, mume wa Ma Felicitas, alikuwa mzee wa miaka mingi lakini mwenye miguu mizuri, na ndiye aliyemkanyagia ndizi kwenye obwato, ile hori ndefu ya mti, kwa kuwa kwetu mwanamke hakanyagi. Zilipochacha pamoja na mtama zikawa lubisi, Kokugonza aliichukua lubisi ile akaipika mara ya kwanza, akaipika mara ya pili, akaijaribu kwenye sahani, akaijaza kwenye madumu. Wateja wake waliokuja na chupa aliwarudisha. Ndani, Protase alipika mafuta ya nyota kwa majivu na barafu. Nje, dada yake alipika mafuta ya jenereta kwa ndizi na kuni. Wakiitana kupitia dirishani, kila mmoja akimuuliza mwenzake chungu chake kimefikia wapi, ungesema ni watu wawili wenye kiwanda. Ilikuwa furaha, na ni vizuri kulisema hilo, kwa sababu haikudumu.

Ta Kagaruki akafa. Alikufa kwa uzee, usingizini, na kwa miaka ile hilo lilikuwa jambo la kusimulia.

Kwetu mtu akifa, kijiji huweka majembe chini. Hulimi, hupondi, hukanyagi ndizi, huchemshi pombe. Chakula utapika, kwa kuwa tumbo halina matanga, lakini kazi yoyote ya kuendeleza maisha husimama, ili aliyekufa ajue kwamba dunia imemkosa. Tatizo ni kwamba dunia ilikuwa imeanza kuwakosa watu wengi mno. Kabla matanga haya hayajaisha, kilio kilianza nyumba ya pili. Kahawa iliivia ikakaukia mtini, magugu yakafika magotini. Kuna msemo kwamba kifo cha wengi harusi. Aliyeusema hakuwahi kuzika kila wiki. Vijana walikuwa wameanza kunong'ona kwamba siku zikatwe. Lakini kwa Ta Kagaruki wazee wa ukoo walikataa katakata. Walisema angalau huyu mmoja amekufa kama watu wanavyotakiwa kufa, na atalilwa kama zamani, siku zote kamili. Na asiyelaza jembe lake, siku yake watu nao hawatalaza yao.

Kokugonza alikubaliana nao kwa moyo wote. Alimpenda yule mzee. Alikwenda, akalia, akabeba maji, akalala kwenye majani pamoja na wanawake wengine. Lakini nyumbani kwake madumu yalikuwa matupu, na ile lubisi ya mwisho aliyokanyaga marehemu ilikuwa imekwisha kuiva chunguni. Lubisi haina subira. Ikipitisha siku zake inakuwa siki, na siki haiwashi kitu. Aliporudi kumgeuza mgonjwa alimkuta amelala kama alivyomwacha, midomo imepasuka, bakuli la asubuhi limeota utando. Alimbembeleza, akamtania, akamwambia wajifanye injini inawaka. Protase alijaribu kwa ajili yake. Alimeza kijiko kimoja kikarudi.

Siku iliyofuata akaionja lubisi. Ilikuwa inaanza kuuma ulimi pembeni.

Alikaa kwenye kizingiti akafikiri, na hakuna upande aliotazama ukawa na njia. Akingoja matanga yaishe, lubisi itakufa, na wa kumkanyagia nyingine yuko kaburini, na Protase hatangoja. Akichemsha, Protase atakula, lakini siku itakapofika, na hata yeye na sharti lake kwa Mungu alijua siku hizo hufika, mdogo wake atalala chini na majembe yakiendelea. Yeye ambaye tayari alikuwa na mume aliyelala hivyo. Angempa mtu mwingine uamuzi ule kama kungekuwa na mtu. Akatazama migomba, akamtukana Mungu kidogo, akamwomba msamaha, akaenda kutafuta kuni.

Ilikuwa asubuhi nyeupe, bila upepo. Harufu haikwenda mbali haraka. Ilipanda, ikakaa juu ya uzio, ikashukia upande wa pili walikokuwa watu. Matone ya kwanza yalikuwa bado hayajaanza kudondoka Ma Felicitas alipotokea kwenye njia ya migombani, kitambaa cha msiba kichwani, wanawake wawili nyuma yake. Kokugonza hakuondoka motoni.

"Kokugonza," alisema Ma Felicitas. "Udongo wa mume wangu haujakauka."

"Najua, Ma."

"Na hiyo ni lubisi aliyokukanyagia kwa miguu yake."

"Najua, waitu, mama yangu. Protase anakula injini ikilia. Isipolia hali."

Ma Felicitas alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyeanza kuokota makopo. Alikuwa mwanamke mwema. Alikuwa amemwogesha Protase mara mbili Kokugonza alipougua homa, na hakuacha chakula kwenye uzio hata siku moja. Lakini alikuwa mjane wa siku chache, na mume wake ndiye aliyekuwa ameahidiwa kwamba atalilwa kama zamani.

"Basi siku ya Protase," alisema, "majembe hayatalala. Na langu litakuwa la kwanza."

Hakupaza sauti. Wakageuka wote watatu wakaondoka. Kokugonza alikoleza moto, kwa sababu bomba lilikuwa limeanza kudondosha.

Aliipika yote, mara ya kwanza na ya pili. Jioni ile jenereta liliwaka, na mlio wake ukapita juu ya nyimbo za matanga ukazikata vipande. Protase alipandishwa kwenye mito. Alikula nusu bakuli, kesho yake robo, kesho kutwa vijiko ambavyo haifai kuvihesabu. Vidole vyake sasa havikuweza kubonyeza. Alisema, dada akabonyeza. Kushoto. Kidogo. Gonga. Chukua. Subiri chungu. Kokugonza aligonga mawe ya angani akakusanya majivu meusi, na alikuwa na haraka kwenye kifua chake kama mtu anayekimbilia meli inayong'oa nanga pale gati la Bukoba. Mstari ukapanda, akaepua mahali pake hasa. Chombo kikanguruma, vidoti vikawa mistari mirefu, kisha vikatulia. Nyota kubwa ikakaa katikati ya kioo.

"Umefika?" aliuliza.

"Nimefika."

Kokugonza alimtazama usoni kwanza, kuona kama kuna kitu kinageuka. Halafu akatazama kioo. Chini ya ile nyota kulikuwa na chungu, kitupu, na mstari wake umelala chini kabisa.

"Mbona chungu kimerudi?"

Protase alivuta hewa kwanza. Alikuwa anatafuta pumzi za kutosha sentensi nzima. "Dada, mchezo huu hauna mwisho. Ukifika nyota moja, unatengeneza mafuta ya kwenda nyingine. Uliundwa hivyo."

"Ulisema nyota moja tu."

"Nilisema kila siku. Ningekwambia ukweli ungeacha kupika, ukakaa hapo pembeni ya kitanda unanitazama. Hilo nisingeliweza."

Nje injini ilikuwa ikikwaruza. Kokugonza alitaka kumwambia alichokilipa kwa mafuta yale, neno la Ma Felicitas, majembe. Aliona mikono yake mwenyewe imejaa masizi, akaificha kwenye kanga. Hakumwambia. Afadhali mmoja wao afe hajui.

"Zima, waitu," alisema Protase. "Nimeshiba."

Akaizima. Madumu mawili yalibaki hayajafunguliwa. Baada ya hapo hakuna bakuli lililosogezwa karibu yake lililofaa kitu, na dada yake alikaa pembeni ya kitanda akimtazama, kama ambavyo Protase hakutaka, hadi alipokata roho.

Watu walikuja. Hilo lazima lisemwe, kwa sababu sisi hatuachi maiti. Ildefons na wanaume wengine walichimba kaburi kati ya migomba, karibu na baba na mama. Katekista alisali. Ma Felicitas alikuja na majani ya kutandika, akaimba nyimbo zote, akashika kichwa cha Kokugonza walipomwingiza Protase chini. Kisha wakanawa mikono, mmoja mmoja, wakaondoka. Nyumba ikabaki na majani yaliyotandikwa kwa ajili ya watu wengi, na mtu mmoja juu yake.

Asubuhi yake majembe yakaanza. La kwanza lilikuwa karibu, ng'ambo ya uzio. Kokugonza alilijua jembe lile. Mpini wake ulikuwa umelegea na kila likipiga lilijibu mara mbili. Mengine yakafuata, juu kilimani, chini kuelekea mtoni, mpaka kibanja chote kikawa kimezungukwa. Hawakufanya kwa ubaya. Magugu yalikuwa magotini, na neno lilikuwa limetolewa. Kabla mwaka haujaisha wangekubaliana kukata siku za matanga kwa watu wote, na hakuna ambaye angelaza jembe zaidi ya siku moja tena kwa yeyote. Lakini asubuhi ile hilo halikuwapo. Asubuhi ile walikuwa wanalima kwa Protase peke yake.

Alijaribu kuziba masikio kwa kanga. Akajaribu kulia kwa sauti, lakini sauti ya mtu mmoja ni kitu kidogo sana shambani. Akainuka kwenye majani. Akalikokota jenereta kutoka pembeni ya dirisha hadi kaburini, akamimina vifuniko viwili vya mwisho vya petroli, akavuta kamba. Likaamka. Akafungua dumu la enkonyagi, ile ya miguu ya Ta Kagaruki, akalijaza tanki. Hakukuwa na waya uliochomekwa, wala kioo, wala mtu wa kulisha. Jenereta likakwaruza na kutetemeka juu ya udongo mbichi, moshi wake mweupe ukapanda kwenye migomba, na mlio ukajaza kibanja hadi kwenye uzio na kuupita.

Kama majembe yalinyamaza au yaliendelea, hakuweza kusikia. Alichuchumaa akashika choki kwa vidole viwili, wazi nusu na fumba nusu, kama Ildefons alivyomfundisha, na dumu la pili alikuwa amelibana katikati ya magoti.